Mvumbika Changa Hula Mbovu

Asubuhi moja ya Julai, mwaka wa 2018, kijana mmoja Mkenya alisimama katika ufuo wa Muizenberg, kusini mwa jiji la Cape Town, amekumbatia ubao mpya wa kutelezea mawimbini. Ulikuwa ubao wa futi 6, mwembamba, wenye ncha kali mithili ya mkuki. Aliununua kwa akiba ya miezi mitano aliyoidunduliza kutoka kwa posho yake ya masomo ya uzamili. Machoni mwake, ubao huo ulikuwa cheti cha kufuzu.

Mwaka mzima uliotangulia, kijana huyu aliyelelewa bara alikuwa amejifunzia mchezo huo kwenye ubao wa futi 9 alioazimwa na mzee mmoja mwenyeji, ambaye vijana wote ufuoni, kwa ada ya jiji lile, walimwita Mjomba. Ubao huo ulikuwa mpana, mzito, na rangi yake ilikwisha kubambuka. Kijana aliurudisha pasi na kuuosha chumvi, akatamka shukrani zake kwa haraka, akaenda zake. Wahenga walionya mtu asiache mbachao kwa msala upitao. Lakini ni nani aukumbukaye mbacha akiwa na msala mpya kwapani?

Miezi mitatu iliyofuata ilikuwa ya fedheha. Kila Jumamosi kijana alilala kifudifudi juu ya ubao wake, akapiga maji kwa mikono hadi mabega yakawaka moto, na kila wimbi likapita chini yake likamwacha palepale. Alipobahatika kulidaka moja, ncha ya ubao ilizama, naye akabingirishwa kama gunia. Watoto wa miaka kumi, waliopanda mbao laini za sponji, walimpita wakishangilia. Siku moja alihesabu: katika muda wa saa mbili, alisimama mara mbili tu. Visingizio vikaanza: mara upepo, mara baridi, mara tasnifu. Hatimaye akaacha kwenda baharini. Alipomwona Mjomba kwa mbali, alivuka barabara.

Kosa halikuwa la bahari. Ubao humbeba mtu kwa ujazo wake. Kila lita moja ya ubao iliyozama majini husukuma juu uzito wa takriban kilo 1. Kijana alikuwa na kilo 78. Ubao wa mzee ulizidi lita 70, ilhali ule mpya ulikuwa na lita 28 tu, kiasi kimfaacho bingwa aliyeanza utotoni. Isitoshe, mawimbi ya Muizenberg huja polepole, tena hayana mwinuko mkali. Ubao mrefu na mpana huanza kuteleza mapema, ukampa mpandaji nafasi ya kusimama. Ule mfupi uliopinda hudai wimbi lenye kasi na mikono iliyokomaa.

Jambo hili si geni. Wahawaii wa kale walikuwa na ubao mrefu ulioitwa olo, ulionasibishwa na machifu, na ule mfupi ulioitwa alaia. Kila mmoja ulikuwa na namna yake ya kupandwa. Naye Simon Anderson wa Australia, mtu wa kimo na mwili mkubwa, alipoona kuwa mbao za mapezi mawili zilizovuma zama zake hazimfai, hakujilazimisha. Aliunda ubao wa mapezi matatu, na mwaka wa 1981 akashinda nao mashindano ya Bells Beach. Bingwa aliutafuta ubao uliomfaa yeye. Mwanagenzi alijikata ili autoshe ubao.

Mwezi wa Oktoba, kijana alipiga moyo konde akabisha mlangoni kwa mzee.

“Mjomba,” alisema, macho yakiwa chini, “nimekuja kuuomba tena ule ubao.”

“Umepanda mawimbi mangapi tangu uurudishe?”

Kijana alinyamaza.

“Mkono na mguu hujifunza kwa kurudia, mwanangu. Usipolipata wimbi, utarudia nini?”

Mzee hakumsuta zaidi. Alimwambia asiupunguze ubao hadi aweze kuyapata mawimbi manane katika kila kumi anayoyafukuza, na kugeuka kulia na kushoto kabla wimbi halijavunjika. Hapo ndipo ashuke hadi futi 7 na nusu, zenye lita kama 50; kisha nusu futi baada ya nusu futi. Halafu akauinua ubao kutoka ukutani. Ulikuwa umeoshwa, hauna hata chembe ya chumvi.

Jumamosi hiyo kijana alisimama mara kumi na nne. Jioni, kabla ya kuvua vazi lake la mpira, aliuosha ubao kwa maji matamu, akaufuta kwa taulo lake mwenyewe, akaurejesha mikononi mwa mwenyewe kwa mikono miwili. Ule mfupi aliufunga kwa shuka, akauhifadhi juu ya kabati. Hakuuuza. Ulikuwa tunda changa tu, nalo tunda changa halina hatia. Mwenye hatia ni yule alivumbikaye kabla ya siku zake.