Ahadi Ikivunjwa, Shahidi Hufukuzwa



Sisi makatekista huitwa mara nyingi kuwa mashahidi. Majirani wawili wakigombania mpaka wa shamba, hupatanishwa mbele ya wazee, na mti hupandwa mpakani. Akija mmoja kuung'oa, hata kama mwenzake hakuvuka hatua moja, ugomvi hurudi mbaya kuliko wa kwanza, maana alama imepotea. Mambo kama hayo yametokea kati ya mataifa makubwa, nasi twataka kuyanena.

Tarehe 14 Julai 2015, katika mji wa Vienna, Iran ilipatana na Marekani, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Urusi na China. Iran iliahidi kutorutubisha urani kupita asilimia 3.67, na kutoweka akiba ya urani hiyo kupita kilo 300. Nayo mataifa yale yaliahidi kuondoa vikwazo vya biashara. Shahidi alikuwa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki: watu wake waliingia viwandani, wakapima, wakatia kamera. Mara kwa mara walitangaza kwamba Iran yaishika mipaka ile ya urani.

Lakini tarehe 8 Mei 2018, Rais Donald Trump aliitoa Marekani katika mapatano. Alisema ni mabaya: hayakugusa makombora, na baadhi ya masharti yangekwisha baada ya miaka. Pengine kasoro zilikuwamo. Lakini nyumba inayovuja huezekwa upya; haichomwi moto wakati watu wamelala ndani.

Tazameni basi yaliyofuata. Vikwazo vilirudi mwaka ule ule. Makampuni ya Ulaya yakaondoka Iran, fedha ya nchi ikashuka, bei zikapanda. Dawa hazikukatazwa na sheria, lakini mabenki yaliogopa adhabu ya Marekani, yakakataa kupitisha malipo, na dawa nyingine za magonjwa mazito zikawa adimu. Mama mwenye mtoto mgonjwa huko Tehran hakutia sahihi karatasi yo yote, wala hakuvunja neno lo lote. Hata hivyo yeye ndiye aliyelipa.

Iran ilingoja mwaka mzima. Kisha, mwaka 2019, ikaanza nayo kuvuka mipaka. Mwaka 2021 ilifika asilimia 60, na urani ya bomu yataka kama asilimia 90. Mwaka 2022 iliondoa kamera 27 za shahidi. Kosa la kwanza haligeuzi kosa la pili kuwa haki. Mwezi wa sita mwaka 2025, Israeli ilianza kuipiga Iran kwa ndege na makombora, na tarehe 22 Marekani ikapiga Fordow, Natanz na Isfahan. Kabla ya vita Shirika lilikadiria akiba ya kilo 440 hivi za asilimia 60. Baada ya vita wakaguzi wake hawakuweza kuifikia na kuihesabu. Hapo ndipo penye hatari kubwa: asiyeona hukisia, na mwenye hofu hukisia mabaya.

Sisi watu wa Kongo tusiseme kwamba hayo ni mambo ya mbali. Sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ya Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga yetu. Kazi ile ilifichwa, na tarehe 6 Agosti 1945 watu wa Hiroshima waliona matunda yake. Jiwe lililotoka katika udongo wetu limekwisha kuonyesha linaloweza kufanya mahali pasipo jicho la shahidi.

Kwa hiyo, tukisikia tena kwamba wakubwa wamekutana kutia sahihi, tusiulize tu wameandika nini. Tuulize pia ni nani atakayekaa pale kutazama, na kama atakayeshika utawala baada yao ataliheshimu neno lao. Serikali mpya hulipa fedha zilizokopwa na serikali iliyotangulia, haisemi, "Si mimi niliyekopa." Je, neno lililotolewa mbele ya mataifa ni dogo kuliko fedha? Wahenga walikwisha kutujibu: ahadi ni deni.