Mikanda ya Nyumbani Isife Ndani ya Sanduku

Mwezi huu sitaongea mambo ya masomo ya watoto. Nataka tuongee juu ya ile mikanda midogo ya video iliyolala ndani ya masanduku yetu. Hapa Nyarugusu kuna familia zinayo na hakuna anayeiangalia tena.

Mkanda wetu ulirekodiwa mwaka 2006, siku wakwe walipoleta mahari ya shangazi. Mimi nilikuwa na miaka mitano. Baba mdogo alikuwa na kamera ndogo ya MiniDV, anarekodi harusi na misiba ya watu. Mwaka 2017 alipopata safari ya Marekani na familia yake, aliiacha kamera kwa bibi, imefungwa ndani ya kitenge pamoja na mkanda huo mmoja. Baba yangu mzazi alifariki 2012. Sura yake naikumbuka vizuri, lakini sauti ilikuwa imenitoka, na picha za karatasi haziongei.

Mtu atauliza, si uwekwe tu kwenye kompyuta, shida iko wapi? Shida iko kwenye mashine. Kamera za MiniDV zilianza kuuzwa mwaka 1995, zikaenea sana miaka ya 2000, kisha simu zikachukua nafasi yake. Picha zake ni za kidijitali, ila huwezi kuzinakili haraka kama wimbo wa kwenye flashi. Lazima kamera icheze mkanda kwa mwendo wake wa kawaida, na kompyuta inapokea huku unacheza. Mkanda wa dakika 60 unadai dakika 60. Halafu waya wake unachomekwa kwenye tundu linaloitwa FireWire, na kompyuta nyingi za siku hizi hazina tundu hilo. Kamera nyingine zina USB pia, lakini mara nyingi hiyo ni kwa picha za kawaida tu au video hafifu.

Bahati nzuri jirani yetu mmoja ana kompyuta ya mezani ya zamani yenye tundu hilo. Tukachanga mafuta ya jenereta. Betri ya kamera ilikuwa imekufa kabisa, tukatumia waya wa umeme. Kabla ya yote, jirani alisukuma kile kidude cha pembeni ya mkanda mpaka kwenye neno SAVE, ili mtu akibonyeza kitufe cha kurekodi kwa bahati mbaya harusi isifutike. Kisha akaupeleka mkanda mpaka mwisho na kuurudisha mwanzo, maana ulikaa miaka mingi bila kuzungushwa. Tulipoanza, picha ikakatika vipande vya mraba mraba. Akasimamisha, akasema ni vumbi kwenye kichwa cha kusomea. Kinasafishwa kwa mkanda maalumu wa kusafishia, si kwa kitambaa wala kidole. Baada ya hapo picha ikatulia.

Ile saa moja ndiyo nataka muielewe, wapendwa. Bibi alikuwa ameketi pale kwenye kiti, macho yake hayaoni vizuri tena, lakini masikio bado mazima. Kompyuta ilipokea sura na sauti, majina haikuyajua. Bibi ndiye aliyeyajua. Mimi nilishika daftari, naandika dakika na jina. Mzee mwenye kofia ni kaka wa babu. Mama anayepiga vigelegele ni yule aliyenipokea nilipozaliwa. Yule kijana aliyebeba soda alizikwa hapa hapa kambini. Wengine mama alidhani ni wageni tu, kumbe ni ndugu zetu wa damu.

Dakika ya 41 baba akasimama kuongea na wakwe. Mama akatoka nje. Mimi nilianza kulia, bibi akanishika mkono: "Nyamaza mwanangu, sikiliza hilo la shamba." Kweli, baba alikuwa anawaeleza wakwe sisi ni watu wa upande gani wa Fizi, babu alizaliwa kijiji gani, shamba letu limepakana na kina nani na mto unapita wapi. Nyumbani nilikuwa sijawahi kuyasikia hayo. Sisemi video ni hati ya shamba. Lakini inataja majina ya watu wanaoweza kushuhudia, na bibi anasema wawili wao bado wako hai. Kwa familia inayofikiria siku moja kurudi Kongo, hilo si jambo dogo.

Kazi ilipoisha tuliangalia video yote kwenye kompyuta mpaka mwisho, kuhakikisha hakuna sehemu iliyokosekana. Saa moja ya MiniDV inachukua kama GB 13. Angalieni hapo, kuna flashi zinazokataa faili moja linalozidi GB 4 hata kama nafasi ipo, basi video inabidi igawanywe. Nakala hiyo kubwa tumeiweka sehemu mbili, nyumba mbili tofauti. Nakala ndogo ya simu tumemtumia shangazi na baba mdogo kwa vipande. Shangazi alipiga simu usiku, hakuongea, alikuwa anasikiliza tu tukicheka. Mkanda wenyewe hatukuutupa, umerudi ndani ya kitenge, mbali na joto, vumbi na spika za redio.

Jamani, tusisubiri. Kamera hizi zinaharibika na vipuri vyake vimekuwa adimu. Familia zetu nazo zinatawanyika, mmoja Marekani, mwingine anarudi Kongo, mwingine anabaki hapa. Na wazee wetu wanaojua majina hawatukai milele.

Mwenye mkanda au kamera ya namna hiyo, hata kama haiwaki, anione Jumamosi baada ya masomo ya jioni. Tutapanga zamu na kuchanga mafuta kama tulivyofanya. Njoo na daftari, kalamu, na mzee mmoja wa familia yenu.



Mwalimu wenu wa kujitolea