Kimya cha Waya

Wasomaji wapenzi, kina mama na mabinti zetu, juma hili nimekusudia kuwasimulia somo nililofunzwa na binti yangu mbali na pwani yetu, huko Olkaria. Mimi niliyezoea kufundisha, safari hii nilikuwa mwanafunzi.

Binti yangu alisomea ufundi wa umeme. Alipohitimu, alipata nafasi ya kujifunza kazi katika shamba moja la maua karibu na Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha. Nikamkatalia. Nilisema ni mbali, kuna baridi, na kazi hiyo imejaa wanaume. Akainamisha kichwa, akasema, "Naam, Baba," kisha akanyamaza. Nikamshukuru Mola kwa kunipa mtoto mwenye adabu.

Mwaka mzima ukapita. Usiku mmoja mama yake akaniambia, "Baba watoto, yule mtoto hakuridhika. Amenyamaza tu." Maneno hayo yalinikosesha usingizi. Nafasi ilipotokea tena, nilimwita nikamuuliza anataka nini. Midomo ikamtetemeka kabla ya kujibu: "Nataka kwenda, Baba." Akaenda, akapokelewa na familia moja ya Kiislamu mjini Naivasha.

Baada ya miezi mitano nilipanda gari moshi kutoka Mombasa hadi Nairobi, kisha matatu hadi Naivasha, nikamwone. Olkaria ni mahali pa ajabu. Mvuke hupanda kutoka ardhini kama moshi wa majiko mengi, na mabomba makubwa hupita mabondeni na juu ya vilima. Visima huchimbwa kufikia kina cha kilomita 2 hadi 3, na mvuke wake umekuwa ukizalisha umeme tangu mwaka 1981. Lakini si umeme peke yake. Mwaka 2003 shamba la Oserian, kando ya ziwa, lilianza kutumia joto la kisima kupasha vivungulio vya waridi.

Niliuliza kwa nini waridi lipashwe joto katika nchi ya jua. Binti yangu akanieleza kwamba bonde lile liko juu sana, na usiku huwa na baridi. Hewa ya ndani ya kivungulio hujaa unyevu, umande hutua majanini, ukungu ukaota na maua yakaoza. Kwa hiyo joto la kisima hupasha maji safi, na maji hayo huzungushwa katika mabomba yaliyolazwa kati ya mistari ya mimea. Hewa ikipata joto, hukauka.

Nani basi hufungua na kufunga vali saa tisa za usiku? Hapo ndipo aliponionyesha kisanduku kidogo kisichozidi ukubwa wa msahafu. Mafundi hukitaja kwa herufi zake tatu, PLC. Ni kompyuta ya kazi moja: husoma vipimo, hupitia maagizo iliyoandikiwa, kisha hutoa amri, na hurudia hayo mara nyingi katika kila sekunde. Fikra yake ilianza Marekani mwaka 1968, kwa ajili ya viwanda vya magari. Maagizo yake huchorwa kama ngazi, na kila kipago ni sharti moja na hukumu yake: likitimia hili, litendeke lile. Mtu aliyesoma fiqhi haoni ugeni hapo.

Nikamwomba anifundishe. Aliniketisha mbele ya meza ya mazoezi, taa ikiwa badala ya vali, na kitufe cha kuzungusha badala ya kipimajoto. Nilihangaika asubuhi nzima. Kipago cha kwanza: joto likishuka chini ya nyuzi 18, vali ifunguke. Cha pili: likifika 20, ifungwe. Nikazungusha kitufe, taa ikawaka, ikazima, ikawaka tena. Nilifurahi kama siku ile nilipohitimu juzuu ya kwanza chuoni.

Binti yangu akatabasamu, akachomoa waya mmoja. Taa ikawaka na haikuzima tena.

"Baba," akasema, "maua yote yameungua."

Akanieleza. Kipimajoto hutuma umeme mdogo sana: miliampea 4 kwa kiwango cha chini kabisa cha kipimo, na 20 kwa kiwango cha juu kabisa. Hata baridi ikiwa kali vipi, kipimajoto kizima hakitumi sifuri. Sifuri ina maana kwamba waya umekatika au kifaa kimekufa. Mashine yangu, isiposikia kitu, ilipiga hesabu ikadhani kivungulio kimefika nyuzi 12 na nusu chini ya sifuri, baridi isiyojulikana Naivasha, ikaendelea kumimina joto. "Waliobuni kipimo hiki walianzia 4 makusudi," akasema, "ili kimya kisichukuliwe kuwa habari."

Sikumjibu mara moja. Nimefungisha ndoa nyingi, nami hufundisha kwamba kimya cha mwanamwali huhesabiwa idhini kwa sababu ya haya yake. Lakini hukumu hiyo ina sharti linaloitangulia: kwanza aulizwe. Mwaka ule mimi sikuuliza. Nilitoa amri, kisha nikakisoma kimya chake kama furaha. Waya ulikuwa umekatika, nami nikiona kila kitu ni salama.

Nikamwomba radhi pale pale mezani. Akalia kidogo, nami vilevile. Kisha akanionyesha kuandika kipago cha tatu: umeme ukishuka chini ya kiwango kinachowezekana, vali ifungwe na kengele ilie aje mtu. Nikachomoa waya kwa mkono wangu. Taa ikazima, kengele ikalia.

Yeye yupo huko bado, sasa kwa mshahara. Hunipigia simu kila Ijumaa baada ya swala. Ijumaa iliyopita simu haikulia hadi alasiri. Zamani ningesema, "Hana neno, angekuwa na shida angesema." Safari hii nilipiga mimi.