Amua Kwanza Unamfuata Nani

Kolwezi, katikati ya kiangazi

Mwipwa wangu,

Mama yako ameniambia umenunua Canon 7D Mark II kwa mtu wa Lubumbashi, na kwamba tangu ifike Lubudi hulali, usiku kucha unapekua menyu. Kamera umechagua vizuri. Ilitoka 2014, vijana wa mjini wataiita kizee, lakini ina pointi 65 za fokasi na inapiga picha 10 kwa sekunde. Kwa mpira wa Jumapili pale Lubudi inatosha, tena inabaki.

Picha ulizonitumia ndizo zilizonikalisha kitako niandike. Watazamaji waliosimama nyuma ya goli, hata vifungo vya mashati yao vinahesabika. Winga aliyefunga bao ni ukungu mtupu. Nikajua: umewasha pointi zote 65, ukaiachia kamera ichague. Kamera haijui mpira, mwanangu. Haijui nani ana mpira wala nani anakaribia kuupata. Inatafuta mahali ambapo mwanga na giza vimeachana waziwazi, na shati jeupe mbele ya ukuta wenye kivuli linaishika haraka kuliko mchezaji aliyejaa vumbi.

Kwanza, toka kwenye One Shot. Hiyo hupima mara moja ikajifunga, inafaa harusi na picha za pasipoti. Weka AI Servo, inayopima upya muda wote kidole kimeshika. Ukiwa mita 20 na lenzi ya 300 kwenye f/5.6, sehemu inayotoka kali ina kina cha kama mita 1 tu. Winga anayekimbia mita 8 kwa sekunde anaivuka kabla hujapumua. Na shata isishuke chini ya 1/1000, maana picha ikitikisika kwa shata utakuja kuilaumu fokasi bure.

Pili, chagua pointi moja na majirani zake wanne, ule mpangilio wenye alama ya msalaba. Pointi moja peke yake itakuponyoka. Kundi kubwa litakurudisha kwa wale watazamaji. Iweke kifuani. Uso ni mdogo, unageuka kila saa. Jezi ya timu yetu Mazembe, ya weusi na weupe, ni rahisi mno, kamera huing'ang'ania hata jua likizama. Jezi ya rangi moja isiyo na namba mbele inasumbua: hapo lenga ukosi, mahali kitambaa kinapokutana na shingo.

Sasa nije kwenye jambo lililokukosesha usingizi, ile mipangilio 6 ya AI Servo yenye namba. Wengi huisoma kama majina ya dawa. Kiini chake ni swali moja: mtu akikatiza mbele ya unayemfuata, kamera ihame au ivumilie? Namba 2 huvumilia. Namba 3 huhama haraka. Namba 4 ni ya mtu anayeondoka ghafla na kusimama ghafla. Zilizobaki ziache kwa sasa.

Kumbuka Mwepu Ilunga, beki wetu wa Mazembe, siku ile ya tarehe 22 Juni 1974 kule Gelsenkirchen, Zaire na Brazil kwenye Kombe la Dunia. Wabrazili wanajipanga kupiga faulo, refa anapuliza filimbi, na Mwepu anachomoka ukutani anaubutua mpira mbali. Dunia ilicheka ikisema Waafrika hawajui kanuni. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba kanuni aliijua vizuri na alikuwa na sababu zake za kugoma, nami namwamini. Wapiga picha wa siku ile walizungusha fokasi kwa vidole. Kamera yenye fokasi yake ndani ya mwili ilishika soko baada ya Minolta 7000 ya 1985. Lakini tuseme wangekuwa na yako. Aliyeweka namba 3 pengine angemnasa Mwepu mara tu anapoingia kwenye pointi. Huyohuyo, dakika nyingine zote, kila refa au beki akikatiza angekuwa anapoteza picha. Aliyeweka namba 2 na kumshika Mbrazili aliyekuwa mbele ya mpira angemkosa Mwepu, akabaki na uso wa mtu anayeshangaa, ukiwa mkali kabisa. Mimi ningeichukua hiyo ya pili. Kwa mpira wa miguu weka namba 2, na ukubali kwamba vituko vingine vitakupita.

Namba 4 ihifadhi kwa golikipa. Ulikuwa mtoto mdogo Mazembe ilipoifunga Internacional 2-0 kule Abu Dhabi, Desemba 2010, na golikipa wetu Kidiaba akashangilia akirukaruka chini kwa makalio. Fikiria fokasi inavyoteseka hapo: mwili unapanda, unashuka, unasogea, unasimama. Halafu kumbuka kwamba bao lilikuwa upande wa pili wa uwanja. Aliyetaka kumpiga picha Kidiaba alipaswa kujua kabla ya bao kwamba atageukia wapi. Hilo hakuna menyu inayolitoa.

Kitu kingine: ondoa fokasi kwenye kitufe cha kupigia, uipeleke kwenye AF-ON, pale kwenye kidole gumba. Wiki ya kwanza utachukia. Lakini kwenye penalti utamshika golikipa kwa gumba, uachie, kisha upige utakavyo bila kamera kuhangaika. Kwenye kona fanya hivyohivyo kwa mlingoti wa karibu. Na ukikaa nyuma ya goli, sogea hadi lenzi ikaribie kuugusa wavu. Ukiwa mbali kidogo, fokasi inashika kamba badala ya watu.

Vumbi la kiangazi unalijua, la barabarani na la simenti. Jua la saa kumi likitokea nyuma ya vumbi linapendeza machoni, ila linaosha rangi zote na fokasi inabaki inaenda mbele na nyuma bila kushika. Simama jua likiwa begani kwako. Na wakati uwanja umechafuka hivyo usibadilishe lenzi, hata wakuombe.

Lenzi uliyopewa pamoja na kamera ina mota nzito, nilisikia kwenye ile video yako inavyolia. Ukipata fedha, usiniulize kuhusu kamera mpya. Tafuta 70-200 ya f/4 iliyotumika, ina swichi ya kuizuia isitafute chochote kilicho chini ya mita 3, na hapo utaona tofauti. Najua utaniambia habari za kamera mpya zinazotambua macho ya watu zenyewe. Nimezishika hapa Kolwezi, uwanja wa Manika, na kweli ni ajabu. Ila kwenye kona, vichwa vinane hewani, bado lazima uiambie jicho la nani.

Mazoezi fanya barabarani, pikipiki zikija moja kwa moja kuelekea kwako, hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa fokasi. Piga picha tatutatu, usikandamize kitufe hadi kadi ijae.

Jumapili nitumie zote, usifute hata moja. Zile mbovu ndizo ninazozitaka zaidi, zikifuatana kama zilivyopigwa, nione ni picha ya ngapi fokasi ilimwacha mchezaji na ilikimbilia kwa nani. Ziweke kwenye kadi umpe mtu wa treni anayeshukia Tenke, nitaagiza ichukuliwe pale, maana mtandao wenu utazipunguzia ubora.

Mjomba wako