Jicho la Nyuma ya Gari

Nyumba yetu moja i Chato, si mbali na ziwa, na ya pili ina magurudumu manne. Hiyo ya pili ni Toyota Hiace ndefu, iliyoletwa nchini baada ya kutumika Japani miaka mingi. Tuliviondoa viti vya nyuma, seremala akatuundia kitanda cha mbao chenye masanduku chini yake, rafu za vitenge na nguo za watoto, mahali pa jiko la gesi na pa dumu la maji. Mimi na mke wangu ni wachuuzi wa minadani. Kutoka Chato twaenda Bwanga, Buseresere na Katoro, na mara nyingine twafika Runzewe na Masumbwe, katika nchi ya machimbo ya dhahabu, ambako fedha hutembea usiku kama mchana. Siku za minada zikifuatana haturudi nyumbani. Garini ndimo tupikamo na ndimo tulalamo, na wakati wa likizo wajukuu hufuatana nasi.

Basi, gari likishageuzwa nyumba hupoteza jicho lake la nyuma. Rafu zetu zimekiziba kioo cha mlango, na kile kioo kidogo kilicho mbele ya dereva hakimwonyeshi ila vitenge. Vioo vya ubavuni huonyesha mbavu za gari na njia iliyo mbali. Lakini pale penyewe nyuma ya bampa, mahali pa upana wa gari na urefu wa hatua kadha wa kadha, hapana kioo kipaonacho. Mtu mzima akisimama hapo huenda akaonekana bega. Mtoto aliyechutama haonekani kabisa. Na minadani watoto hupenda kukaa nyuma ya magari, maana ndipo penye kivuli.

Aghalabu sisi watu wa minada humtegemea utingo. Yeye hushuka, husimama nyuma, hupiga bodi kwa kiganja: mara mbili, rudi; mara moja, simama. Ni desturi njema, nami sitaiacha. Lakini siku moja pale Bwanga, mnada ulipokuwa ukivunjika karibu na Magharibi na spika za wauza dawa zikipiga kelele pande zote, utingo wetu alipiga bodi mara moja, akapiga tena, hata akaja mbio dirishani akanishika mkono. Nyuma ya gurudumu la kushoto palikuwa na mtoto wa kike akiokota karanga zilizomwagika. Gari lilikuwa bado halijaanza kutembea, alhamdulillahi. Utingo alimwinua, akamfuta vumbi magotini, akamrudisha kwa mamaye, ambaye hata habari hakuwa nayo.

Gari hili lilikuja na kamera yake ya nyuma na skrini yake tangu Japani. Kila asubuhi bibi asiyeonekana alitusalimu kwa Kijapani, na ramani yake haikukubali hata siku moja ya kuwa tumehama huko. Redio nayo ilikuwa ya Kijapani, yaani mawimbi yake ya FM yalianzia 76 yakaishia 90, hali ya kuwa stesheni zetu zimetandazwa kati ya 88 na 108. Kwa hiyo tulisikia chache tu za ukingoni. Hayo yote tuliyavumilia maadamu picha ya nyuma ilitokea. Kisha betri ikafa, ikawekwa nyingine, na umeme uliporudi skrini ikajifunga. Ikatuandikia maneno ya Kijapani ambayo fundi alitufasiria ya kwamba inadai namba ya siri ya mwenyewe wa kwanza. Mwenyewe wa kwanza yu Japani, nasi hatumjui. Wenye magari ya namna hii wengi wamepatwa na jambo hili, wengine kwa namba, wengine kwa kadi ya ramani iliyopotea. Kwetu sisi skrini ilipofungwa kamera nayo ikafungwa pamoja nayo.

Ndipo yalipoanza mashauri ya nyumbani. Kijana wetu, ambaye hushika usukani mimi nikichoka, alitaka skrini kubwa ya inchi 10, ya kuonyesha mpira na qaswida za video njiani. Mke wangu alimsikiliza hata mwisho, kisha akaniuliza mimi, si yeye, “Mume wangu, hiyo skrini itatuonyesha nini ikiwa nyuma hakuna jicho?” Kijana akajibu, “Mama, kamera huja pamoja nayo, ni zawadi ya duka.” Na kweli ilikuwa hivyo. Lakini kitu kitolewacho kama nyongeza juu ya kingine huwa hakikuchaguliwa na mtu, nami sikupenda kuwa jicho la kuwaangalia watoto liwe ndilo nyongeza.

Jambo hili si la minadani kwetu tu. Mwaka 2002, katika jimbo la New York huko Marekani, mtoto wa miaka 2 jina lake Cameron Gulbransen alikufa kwa kugongwa na gari lililokuwa likirudi nyuma nyumbani kwao. Aliyekuwa akiliendesha ni babaye mwenyewe, na babaye ni daktari wa watoto. Hakuwa mlevi, wala hakuwa na haraka ya kipumbavu. Gari lilikuwa refu na mtoto alikuwa mfupi. Sheria yenye jina la mtoto huyo ilitiwa sahihi mwaka 2008, na ilichukua miaka mingine 10, hata Mei 2018, ndipo kila gari jipya dogo la huko likalazimishwa kuwa na kamera ya nyuma. Serikali yao ilikadiria ya kuwa magari yanayorudi nyuma huua watu 210 kila mwaka katika nchi hiyo, na kati ya kila 100 wanaokufa hivyo, 31 ni watoto wasiotimiza miaka 5. Wajapani nao walianza kulazimisha vyombo vya kuonyesha nyuma kwa magari ya miundo mipya mwaka 2022. Lakini magari mengi tunayoletewa yaliundwa kabla ya hapo, kwa hiyo sharti hilo halitusaidii bado. Atakaye jicho hilo yampasa alinunue na kulifunga mwenyewe.

Katika ile sheria ya Marekani mna masharti mawili ambayo mimi niliyachukua kama kipimo cha dukani. La kwanza, dereva aone mahali pa upana wa mita 3 hivi na urefu wa mita 6 nyuma ya gari. La pili, picha itokee kabla ya sekunde 2 tangu gia ya kurudi nyuma ilipoingizwa. Sharti la pili ndilo lililotuamulia. Nilimwomba mwenye duka aizime kabisa ile skrini kubwa, kisha aiwashe na kuiamrisha ionyeshe nyuma papo hapo. Ilitoa nembo yake, ikazungusha kiduara, nami nikahesabu hata ishirini na nne kabla picha haijaja. Dereva gani atangojea hivyo asubuhi, gari likiwa limetoka kulala? Skrini ndogo ya inchi 7, isiyo na mapambo mengi, ilitoa picha sijamaliza kutamka mbili. Tukaichukua hiyo. Kijana hakufurahi siku ile.

Kamera tuliinunua peke yake. Iliandikwa IP67, na yafaa msomaji ajue maana yake: tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, na 6 ndiyo ya juu kabisa; ya pili ni ya maji, na 7 ni kitu kiwezacho kuzama mita 1 kwa nusu saa kisiharibike. Kwa njia zetu za changarawe, hiyo ya vumbi ndiyo ya kuangaliwa kwanza.

Fundi wetu wa umeme wa magari ni kijana mpole, aliyekuwa tayari kuulizwa. Kamera ya zamani ilikuwa juu ya kibao cha namba, ambapo waya wake hujikunja kila mlango ufunguliwapo. Akashauri tuipandishe ukingoni mwa paa, juu ya mlango, ili waya usikunjwe na ili bampa lenyewe lionekane chini. Hasara yake ni kuwa mlango ukiinuliwa huiziba. Lakini nani arudiye nyuma na mlango wazi? Waya wa picha aliupitisha darini, mbali na nyaya nene za umeme, maana zikilala pamoja picha hutiwa michirizi. Kamera za kupeleka picha bila waya zipo, na kazi yake ni nyepesi, ila mnadani penye simu na spika nyingi sikutaka kuzijaribu. Umeme wa kamera aliuchukua penye swichi ya peke yake, wala si kwenye taa ya kurudi nyuma tu kama ilivyo kawaida, kusudi tuweze kuiwasha hata tukiwa safarini, ikatufaa badala ya kile kioo kilichozibwa na vitenge. Kila waya ukapata fyuzi yake. Alinikumbusha pia ya kwamba mabasi na malori mengi yana volti 24, na mwenye gari la namna hiyo akifunga skrini ya volti 12 bila kipunguza umeme ataiunguza siku hiyo hiyo.

Kuna waya mmoja ambao tulibishana kidogo. Ni ule wa breki ya mkono, unaozuia video isionekane gari likitembea. Mafundi wengi huuunga kwenye bodi ya gari moja kwa moja ili kuidanganya skrini, na wateja huwashukuru. Kijana alimkonyeza fundi. Mimi nikasema uungwe ulivyoagizwa na mtengenezaji. Qaswida twazisikia kwa redio, nayo sasa yafika 108.

Kazi ilipokwisha tuliipima uani, gari likiwa limesimama, ufunguo mfukoni mwangu. Tulilaza kamba tatu chini, ya mita 1, ya mita 2 na ya mita 3 kutoka bampa. Mistari ya rangi iliyokuja na kamera haikuafikiana hata na kamba moja, maana imechorwa kwa gari dogo na kimo kingine. Tukaizima, tukabandika vipande vya utepe ukingoni mwa skrini penye kamba zetu. Kisha ndoo ikasogezwa huku na huku, na mjukuu wa miaka 6 akachutama kila mahali tulipomwambia, akicheka. Alionekana kote, ila jicho pana la kamera lilimfanya aonekane mbali kuliko alipokuwa. Kwenye kamba ya mita 1 nilidhani yuko kwenye ya 2. Usiku, taa za nyuma zikiwa na vumbi, alikuwa kivuli tu; tulipozifuta akarudi kuwa mtoto.

Tangu hapo kitambaa chenye maji hutundikwa mlangoni, na mjukuu yule yule ndiye mwenye kazi ya kuifuta lenzi kila tusimamapo, maana safari moja ya Runzewe wakati wa kiangazi yatosha kuigeuza picha yote kuwa nyekundu. Utingo bado hushuka na kusimama nyuma. Tofauti ni kuwa sasa namwona yeye na mkono wake, na kelele za spika hazinizuii kujua asemalo. Ubavu wa kushoto, penye mlango wa kuteleza, bado una mahali pasipoonekana. Skrini ina tundu la kamera ya pili, nasi tumeiahirisha hata pamba ivunwe na wateja wapate fedha.