Landrova ya pili: niichukue au niiache?

Kwanza niombe radhi kwa kimya kirefu. Nilikuwa nimeahidi kuandika kuhusu kuhamisha hifadhidata bila kuzima mfumo, na bado nitaandika. Lakini kwa wiki tatu sasa, kila nikifungua kompyuta usiku najikuta naangalia picha sita nilizotumiwa kwa simu kutoka nyumbani Masalani. Ni picha za gari. Natakiwa nitoe jibu kabla ya Ijumaa, na mimi siwezi kufikiri sawasawa bila kuandika, basi mnivumilie.

Gari lenyewe ni Landrova Series III, ile ndefu ya inchi 109. Limekaa chini ya mgunga tangu 2009. Tairi zimeoza, kioo cha mbele kimepasuka, na kuku wametaga kwenye kiti cha dereva. Lilikuwa la marehemu mume wa habaryar wangu. (Habaryar ni mama mdogo. Naye huniita habaryar vilevile, maana kwetu Wasomali mkubwa na mdogo huitana kwa jina lile lile. Wenzangu kazini hili huwachanganya kila nikipokea simu.)

Habaryar amepata mnunuzi wa chuma chakavu anayetoa shilingi 40,000. Kabla hajakubali akanipigia: "Habaryar, wewe ndiye unayejua kuyatunza haya magari. Njoo ulichukue, sitaki pesa yako."

Wasomaji wa siku nyingi mnajua kwa nini alinifikiria mimi. Kwa wageni, nitasimulia kwa kifupi.

Mwaka 2014 nilinunua Series IIA fupi, ya 1964, kwenye shamba moja karibu na Naivasha. Nilitengeneza jedwali zuri la Excel: miezi sita, shilingi 350,000. Ilichukua miaka minne na shilingi milioni moja na laki mbili. Mnaofanya kazi yetu hamtashangaa, ndivyo tunavyokadiria kila kitu.

Pesa ziliishia mahali ambapo hukuweza kuona kabla ya kufungua. Watu husema Landrova haishiki kutu kwa sababu bodi ni ya alumini. Ni kweli nusu. Gari hili lilipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa kinagawiwa kwa kipimo, ndiyo maana wakatumia alumini. Lakini chesisi ni chuma, na ule ukuta kati ya injini na miguu yako ni chuma. Tena pale alumini inapogusana na chuma, ukiongeza unyevu kidogo, alumini inalika taratibu na kuwa unga mweupe. Nilibandua paneli moja kuangalia tu, nikajikuta na gari lisilo na sakafu.

Halafu umeme. Landrova za zamani zilifungwa waya kinyume na magari ya leo: upande wa chanya wa betri ndio ulioungwa kwenye bodi. Nilisoma hilo, nikalielewa, hata nikamwelezea fundi wangu. Usiku mmoja, nikiwa nimechoka na kazi ya ofisini, nikafunga redio mpya kama inavyofungwa kwenye gari lolote. Ilitoa moshi kabla sijaondoa mkono. Redio haikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba ukurasa wa kitabu wenye onyo hilo ulikuwa wazi mezani, na nimeupigia mstari mwekundu.

Tuiache hiyo. Gari lilimalizika, na lilikuwa zuri. Niliwahi kulipeleka kwenye yale maonyesho ya Concours d'Elegance pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ambako majaji huinama kutazama hadi uvunguni. Sikushinda kitu ila nilirudi nyumbani kifua mbele. Na hapo ndipo tatizo langu lilipoanza, kwa sababu baada ya siku ile nikaanza kuliogopa gari langu mwenyewe. Mvua ikinyesha silitoi. Kirinyaga Road, ambako ndiko niliponunua nusu ya vipuri vyake, silipeleki, nisije nikakwaruzwa na mkokoteni. Juzi nilitazama mita: tangu limalizike limetembea kilomita 1,900. Mke wangu alilitolea jina, analiita Sofa.

Sasa linganisheni na hili la Masalani.

Kwa wazee wa Ijara, Landrova haikuwa gari la kupendeza. Ilikuwa gari la serikali. Wakati wa vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, vumbi la Landrova likionekana kwa mbali watu waliingia vichakani, na sheria za hali ya hatari Kaskazini Mashariki ziliendelea hadi 1991. Kwa hiyo mume wa habaryar alipoinunua hii kwenye mnada wa magari ya serikali, nasikia kuna wazee waliokataa kupanda kwa miezi. Baadaye wote walipanda. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziligeuza ule udongo mweusi kuwa gundi, na kutoka Masalani kwenda Garissa, safari ya nusu siku wakati wa kiangazi, ikawa ya siku tatu ukibahatika. Yeye alikwenda. Alibeba unga, alibeba wagonjwa, alibeba maiti. Dada yangu mdogo alizaliwa nyuma ya gari hilo kabla ya kufika Bura, juu ya magunia, na mpaka leo tukitaka kumkasirisha tunamuuliza namba yake ya usajili :-)

Kwa hiyo mnaona. Jibu la moyo lilitoka dakika ile ile simu ilipokatika: nalichukua, naweka kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, na safari hii sirudii makosa.

Hilo la "safari hii" ndilo lililonishtua. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360 pale IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba mfumo wa hatari zaidi kwa mbunifu ni wa pili. Wa kwanza unaufanya kwa woga, unaacha mambo mengi pembeni ukisema utayaweka wakati mwingine. Wa pili unakuja umejaa ujasiri, na yale yote uliyoyaweka pembeni unayamwaga humo. Nilichukua karatasi nikaandika nitakachofanya kwenye gari la Masalani. Chesisi ipakwe zinki. Waya zote mpya. Rangi ya kijivu ya serikali, ile ile. Giaboksi ifunguliwe hata kama nzima. Nilipofika kitu cha 40 niliweka kalamu chini. Nimeona orodha kama hiyo kazini mara nyingi, na najua miradi yake huishia wapi.

Kuna jambo la pili, na hili ni zito kuliko Brooks. Gari si la habaryar peke yake, hata kama mwenyewe anaona ni lake. Marehemu ameacha mjane, wavulana wawili na wasichana watatu. Kwa mirathi yetu mjane ana thumuni, na kinachobaki kinagawanywa mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Piga hesabu: mama fungu moja kati ya manane, kila binti moja, kila kijana mawili. Inatoka sawasawa bila hata salio. Maana yake habaryar anaweza kunipa zawadi fungu lake moja, labda upande wa kulia wa bampa. Mengine ni ya watu wengine, na mmoja wao ni binti aliyepata nafasi chuoni na hana karo. Ukame ule wa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, uliondoka na karibu ng'ombe wote wa nyumba ile. Mtu wa namna hiyo anapokuambia hataki pesa yako, wewe ndiye unayetakiwa kuwa na akili.

Basi nikaamua nitalinunua. Nikampigia Jumapili nimwambie bei, shilingi 120,000, na mafungu ni 15,000 kila moja. Akashukuru, akanyamaza, halafu akauliza: "Na litarudi lini?"

Sikuwa nimefikiria kurudi. Katika picha niliyokuwa nayo kichwani gari lilikuwa Nairobi, chini ya turubai, karibu na Sofa.

Nikamwambia nitamjibu. Usiku nikafungua kumbukumbu za gari la kwanza, maana kila kazi niliandika makadirio na muda halisi. Breki: nilikadiria wiki mbili, zikawa miezi saba. Ule ukuta wa mbele: mwezi mmoja, ukawa mwaka na miezi miwili. Na wakati ule sikuwa na watoto. Nikijidanganya vizuri, gari lingerudi Masalani baada ya miaka mitano, na likirudi limeng'aa ningekuwa wa kwanza kumkataza mtu yeyote asipakie mbuzi.

(Hapo juu niliandika Jumatatu. Hii ni Jumatano usiku.)

Binamu yangu alinipigia jana. Kumbe kuna mtu wa tatu, fundi kijana mwenye gereji pale pale Masalani, anayelitaka gari tangu mwaka jana na aliona haya kumwambia mjane. Anatoa 130,000 taslimu. Nikaomba nizungumze naye, na nakiri niliomba kwa nia mbaya. Nilitaka kumpima.

Mpango wake ni huu: atoe injini ya petroli, ile ya lita 2.25, aweke dizeli ya Toyota, 3L iliyotoka kwenye Hilux. Akate nyuma, aweke chasi ya kubebea madramu ya maji na mifugo ya mnadani. Kipande cha kuunganisha injini na giaboksi atachongesha Garissa. Nilihisi kama mtu ananiambia atamkata ng'ombe wangu pembe. Nikamuuliza kwa nini asitengeneze injini iliyopo, ni rahisi, ina sehemu chache, mimi mwenyewe naijua. Akanijibu kwa upole sana: "Kaka, hiyo inakunywa lita moja kwa kilomita tano. Na ikiharibika Hulugho, kipuri nitakipata wapi? Cha 3L nitakipata hata kwa muuza duka."

Nilitafuta jibu. Nilikuwa nalo moja tu, kwamba haitakuwa tena Series III halisi, na sikuthubutu kulisema kwa sauti.

Nikamuuliza itachukua muda gani. Akasema miezi miwili. Nikazidisha kwa tatu, kwa mazoea, na bado ni kabla ya mvua za vuli.

Leo alasiri nimempigia habaryar. Nimemwambia asinisubiri, amuuzie kijana, pesa zipite kwa Kadhi zigawanywe, na karo ya binti itakayopungua nitaongeza mimi. Nilidhani angehuzunika. Akauliza kama kijana ataacha honi ile ile, maana marehemu akikaribia nyumbani alikuwa akiipiga mara mbili na yeye anaweka chai jikoni. Nimempigia fundi kuuliza. Ataiacha.

Stoo nilikuwa na sanduku la vipuri nilivyonunua mara mbili mbili wakati wa Sofa: silinda za breki, shafti mbili za ekseli ya nyuma, bushi za springi, mafuta ya grisi ya kutosha kijiji. Nimevifunga vyote, kesho vinapanda basi la Garissa. Sikutaka malipo. Fundi akasisitiza kwamba haiwezekani nitoe bila kupokea, na kwa kuwa ile injini ya petroli hana pa kuiweka, amenipa mimi.

Imeshapata lori. Inafika Eastleigh Jumanne, na ina uzito wa karibu kilo mia mbili. Mke wangu bado sijamwambia.