Kulipa Baada ya Kufilisika

Wahenga husema, kukopa harusi, kulipa matanga. Msomaji, huenda umewahi kutumwa dukani na mama, ukakuta jina la nyumba yenu limezungushiwa wino mwekundu katika daftari la madeni, naye mwenye duka akakwambia kwa upole kwamba leo hakopeshi. Ikiwa waijua fedheha ile, utafahamu kwa nini kila mwaka nawasimulia wanafunzi wangu habari za Mark Twain.

Mwandishi huyu Mmarekani, ambaye jina lake hasa ni Samuel Clemens, alikuwa na kampuni ya kuchapisha vitabu, tena yenye faida kubwa hapo kwanza. Walakini fedha zake nyingi zilimezwa na mashine ya kupanga herufi za chapa, yenye vipande kama 18,000, iliyokuwa ikiharibika kila mara. Mwezi wa Aprili 1894 kampuni ikafilisika, nayo ina deni la karibu dola 100,000.

Sheria ingaliweza kumfungua kwa kutoa kile alichokuwa nacho tu. (Hata Sheria yetu ya Ufilisi ya 2015 humpa aliyefilisika njia ya kufunguliwa.) Yeye alitaka kulipa kila senti. Rafiki yake tajiri, Henry Rogers, alizishika hesabu zake, na kwa shauri lake haki za vitabu zikaandikwa kwa jina la mkewe, ambaye naye aliidai kampuni. Wako watakaosema hiyo ni hila. Mimi siioni hivyo, kwa kuwa kalamu ile ile ndiyo iliyokuja kuwalipa wadai.

Mwezi wa Julai 1895, akikaribia miaka 60, naye anasumbuliwa na jipu, alianza kuizunguka dunia akihutubia watu kwa ada: Australia, India, hata Afrika Kusini. Agosti 1896, akiwa Uingereza, alipata habari kwamba binti yake Susy amefariki Marekani. Hakuwahi kumzika. Hapo darasa hunyamaza, nami sisemi neno. Akakaa chini akaandika kitabu cha safari ile, kikatoka 1897, na mwanzoni mwa 1898 wadai wote walikuwa wamelipwa.

Aliporudi New York Oktoba 1900 alipokewa kwa shangwe. Mwaka 1903 wachapishaji Harper and Brothers, ambao hawakuwa watu wa kugawa sadaka, walimwandikia mkataba wa kumhakikishia dola 25,000 kila mwaka.